Wasomaji Wanauliza: Lenzi Kongwe za Kukuzia Picha

Safu ya toleo hili tumeitenga kwa barua zinazohusu lenzi za mashine ya kukuzia picha, hasa zile zilizotengenezwa enzi ambazo kila picha ilipitia chumba cha giza kabla ya kumfikia mwenyewe. Karibu kila aliyetuandikia anataka kutajiwa lenzi iliyo bora kuliko zote. Majina tutayataja, lakini msomaji ataona kwamba mara nyingi majibu yetu yanaelekea kwingine: hali ya lenzi yenyewe, unyoofu wa mashine, na ukubwa wa tundu la mwanga wakati wa kuchapa, unaoandikwa kwa alama ya f kama f/8 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo).

Swali: Ndugu Mhariri, nina lenzi tatu za milimita 50, nazo ni Componar, El-Nikkor ya f/4 na Componon-S ya f/2.8. Nilichapa negativu moja ya milimita 35 kwa lenzi zote tatu, kila picha ikiwa na upana wa sentimita 18, na zote niliziweka kwenye f/8. Wenzangu niliowaonyesha walishindwa kuzitofautisha, na mimi mwenyewe nilishindwa. Je, macho yangu yana kasoro, au sifa za lenzi zenye majina makubwa ni maneno matupu?

Jibu: Ndugu msomaji, macho yako ni mazima. Umezipima lenzi hizo mahali ambapo hata iliyo dhaifu haipati taabu. Negativu ya milimita 35 ina upana wa milimita 36, kwa hiyo picha ya sentimita 18 ni kuikuza mara 5 tu, na tundu la f/8 huficha makosa mengi ya lenzi za aina hii. Hapo Componar inatoa picha nzuri kwa haki yake, wala hakuna sababu ya kuiuza ikiwa picha zako zote ni za ukubwa huo.

Tofauti zimo katika ujenzi. Componar ina vipande vitatu vya kioo, kwa mpangilio ambao Mwingereza H. Dennis Taylor aliubuni mwaka 1893. El-Nikkor ya f/4 ina vinne, viwili vya nyuma vikiwa vimegandishwa pamoja kwa gundi, na huo ndio mpangilio wa Tessar ambao Paul Rudolph aliubuni akiwa Zeiss mwaka 1902. Componon-S ina sita, vilivyopangwa karibu sawasawa mbele na nyuma ya tundu la mwanga, na ulinganifu huo unasaidia sana kwa sababu kosa linaloingizwa na nusu ya mbele, kama vile kupinda kwa mistari au rangi kuachana pembeni, hufutwa kwa sehemu kubwa na nusu ya nyuma.

Ukitaka kuziona zikiachana, kuza mara 10, yaani picha ya upana wa sentimita 36, kisha chapa kwenye f/4 na f/5.6 kabla ya kufika f/8. Usitazame katikati, kwa kuwa hapo zote tatu zitaonyesha punje za filamu. Tazama kona. Kwa lenzi ya vipande vitatu iliyofunguliwa sana, punje zinazoonekana wazi katikati huanza kuvutika na kuyeyuka kadiri jicho linavyoelekea ukingoni, mpaka kwenye kona panabaki rangi ya kijivu isiyo na punje. Kwa lenzi ya vinne hali hiyo ni ndogo na huisha kwa kufunga tundu hatua mbili, kila hatua ikipunguza mwanga kwa nusu. Kwa ile ya sita, mara nyingi f/5.6 inatosha kuzifanya kona zifanane na katikati.

Ngazi hiyo ya vitatu, vinne na sita utaikuta kwa watengenezaji wengi wa zamani, kila mmoja na majina yake. Schneider wa Kreuznach walikuwa na Componar, Comparon na Componon. Rodenstock wa Munich walikuwa na Trinar na Rogonar za vipande vitatu, Ysaron na Rogonar-S za vinne, na Rodagon ya sita. Na kwa Nikon, El-Nikkor ya milimita 50 yenye f/4 ina vipande vinne ilhali ile ya f/2.8 ina sita. Lenzi za Kisovieti za jina Industar zinafuata Tessar, na Vega-11U ina vipande vitano. Ukishafika kwenye daraja la vipande sita, kwa maoni yetu, kubishana kati ya Rodagon, Componon-S na El-Nikkor ya f/2.8 ni kupoteza usiku mzuri, kwa sababu tofauti kati ya lenzi mbili za jina moja zilizotunzwa kwa namna tofauti ni kubwa kuliko tofauti kati ya majina hayo matatu.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa umetaja f/8. Wako wanaodhani kwamba kufunga tundu zaidi ni kuongeza ukali wa picha bila kikomo. Mwanga hupinda unapopita kwenye kingo za tundu dogo, na kila nukta ya negativu hugeuka kuwa duara kwenye karatasi. Ukikuza mara 10 kwa f/5.6, duara hilo lina kipenyo cha milimita 0.08 hivi, ambacho jicho halikitambui kwa urahisi hata picha ikishikwa karibu. Kwa f/16, duara hilo hufikia karibu milimita 0.24, nalo huonekana kama ulaini uliotapakaa picha nzima. Kwa lenzi inayoanzia f/2.8, fanya kazi kati ya f/5.6 na f/8. Kwa ile inayoanzia f/4 au f/4.5, f/8 ndiyo mahali pake, na f/11 ni ya dharura, kwa mfano pale muda wa kuangazia unapokuwa mfupi mno kiasi cha kukunyima nafasi ya kukinga sehemu za picha kwa mkono.

Swali: Nimepata lenzi mbili na ninataka kuzilinganisha kwa haki nyumbani, bila vyombo vya maabara. Nifanyeje? Katika majaribio ya kwanza, kona mbili za kulia zilikuwa laini kwa lenzi zote mbili.

Jibu: Sentensi yako ya mwisho imekwisha kukujibu nusu ya swali. Kona zile zile zikiwa laini kwa lenzi mbili tofauti, mshitakiwa ni mashine. Kabla ya kulinganisha chochote, hakikisha kwamba negativu, ubao wa lenzi na karatasi vimelala sambamba. Chukua pima maji ndogo, iweke kwenye kishikio cha negativu, kisha kwenye ubao wa lenzi, kisha kwenye fremu ya karatasi, kwa mwelekeo wa kulia na kushoto na vilevile wa mbele na nyuma. Meza yako si lazima ikae sawa kabisa na ardhi; kinachotakiwa ni povu la pima maji kusimama mahali pamoja katika sehemu zote tatu.

Watu wengi huhangaika na upande wa karatasi, ilhali hatari kubwa iko juu. Ukikuza mara 10, kosa la umbali wa milimita 0.1 upande wa negativu ni sawa na kosa la sentimita 1 nzima upande wa karatasi, kwa sababu uwiano huo hukua kwa mraba wa ukuzaji. Ndiyo maana fremu ya karatasi iliyoinuka kidogo upande mmoja haionyeshi madhara makubwa, lakini ubao wa lenzi uliolegea kwa unene wa karatasi mbili tatu unaharibu nusu ya picha.

Baada ya hapo tengeneza negativu ya majaribio. Chukua kipande cha filamu kilichoangaziwa kwa mwanga wa kawaida na kusafishwa mpaka kikawa cheusi tii. Kwa ncha ya sindano, upande ule wenye dawa, ambao ndio unaotazama lenzi kwenye mashine, chora msalaba mdogo katikati na misalaba mingine kwenye kila kona, karibu kabisa na ukingo wa fremu. Usikandamize, mkwaruzo mwembamba unaong'oa dawa kidogo tu ndio unaofaa, maana kingo zake huwa na mapengo na nyufa ndogo ndogo, na hizo ndizo utakazozitumia kupima. Kwenye karatasi, mkwaruzo uliofanywa vizuri huonekana kama mstari mweusi wenye kingo zilizokatika-katika, na lenzi dhaifu hugeuza kingo hizo kuwa moshi.

Weka fokasi katikati kwa kutumia kifaa cha kutazamia punje, huku tundu likiwa kwenye kipimo utakachochapia na si likiwa wazi kabisa. Hili ni muhimu kwa lenzi kongwe, kwa sababu baadhi yake huhamisha fokasi tundu linapofungwa, na ukilinganisha bila kulijua hilo utailaumu lenzi kwa kosa ambalo ungelirekebisha kwa kugusa kirungu cha fokasi. Chapa picha nzima, kisha soma kona zake kwa mpangilio ufuatao.

Kona za upande mmoja zikiwa laini, legeza lenzi nusu mzunguko, weka fokasi upya na uchape tena. Ulaini ukihama pamoja na lenzi, vipande vyake haviko kwenye mstari mmoja, pengine kwa sababu iliwahi kuanguka au kufunguliwa na mtu asiye fundi. Ulaini ukibaki palepale, rudi kwenye pima maji. Kona zote nne zikiwa laini kwa kiasi kimoja, weka fokasi kwenye kona moja badala ya katikati. Zikichangamka na katikati kukafifia, basi ama lenzi haitoi picha bapa, ama negativu imebinuka kwa joto la taa, jambo ambalo kishikio chenye vioo viwili hulimaliza. Zisipochangamka hata kidogo, lenzi imefika mwisho wa uwezo wake kwa tundu hilo, na hapo ndipo unapoweza kusema kwa haki kwamba ile nyingine ni bora.

Vifaa vingi vya kutazamia punje huona eneo la katikati tu. Peak namba 1 ni miongoni mwa vichache ambavyo kioo chake huinama na kukuwezesha kukagua kona. Ukiwa na kifaa cha kawaida, tegemea picha iliyochapwa.

Swali: Nimeletewa Componon ya zamani. Ndani, pembeni mwa vioo, kuna vidoa vyeupe vingi, na nikiishika mbele ya dirisha naona kama kuna mvuke ndani. Rafiki ameniambia niitupe.

Jibu: Usiitupe, lakini tenganisha mambo hayo mawili. Vidoa vyeupe pembeni ni rangi nyeusi ya ndani iliyoachana na ukingo wa kioo. Lenzi za Schneider zinajulikana sana kwa hali hiyo, na haibadilishi picha kwa namna ya kuonekana. Huo mvuke ndio wa kutiliwa shaka. Zima taa chumbani, washa tochi nyuma ya lenzi na utazame kwa mshazari kutoka mbele. Kioo kisafi hubaki cheusi, na kioo chenye utando hung'aa weupe kote, kama mtoto wa jicho.

Madhara ya utando katika mashine ya kukuzia ni kinyume cha yale ya kamera, na wengi hawalitambui hilo. Katika kamera, mwanga uliotawanyika huingia kwenye vivuli na kuvififisha. Hapa, mwanga mwingi hupita kwenye sehemu angavu za negativu, ambazo ndizo zitakazokuwa nyeusi kwenye picha, na ukitawanyika huangukia zile sehemu za karatasi zilizopaswa kubaki nyeupe. Matokeo yake ni mawingu yenye vumbi la kijivu na shati jeupe lisilong'aa. Mchapaji huongeza daraja la kichujio, yaani kontrasti ya weusi na weupe, ili kuirudishia picha nguvu, na picha kweli inapata nguvu, lakini mikunjo myembamba ndani ya weupe wa shati hairudi.

Habari njema ni kwamba Componon nyingi zina nusu mbili, ya mbele na ya nyuma, zinazofunguka kwa kuzungushwa kwa mkono uliovaa glovu ya mpira, na mara nyingi utando huwa kwenye nyuso zinazotazamana na tundu. Pangusa kwa kitambaa laini kilicholowa spiriti safi kidogo, ukianzia katikati kwenda nje, bila kugusa vibamba vya tundu. Ukiona nyuzi nyuzi zinazotambaa kama mizizi, hiyo ni kuvu. Ifute, lakini ikiwa imekaa miaka mingi huenda imekwisha kula upako wa kioo, yaani tabaka jembamba linalopunguza mng'ao, na alama zake zitabaki. Ukiona pete zenye rangi za upinde wa mvua kuanzia ukingoni, gundi kati ya vipande imeachia, na hiyo haitengenezeki mezani. Mkwaruzo mmoja au miwili kwenye kioo cha mbele si jambo la kukunyima usingizi. Lenzi isiyo na upako wowote, kama zilivyokuwa nyingi kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, itatawanya mwanga hata ikiwa safi kabisa, kwa hiyo usiilinganishe na ya miaka ya 1970 ukatarajia weupe ule ule.

Swali: Je, naweza kutumia lenzi ya milimita 80 kwa negativu za milimita 35? Nasikia ni kali zaidi kwenye kona.

Jibu: Unaweza, na sababu yake ni jiometria. Ukikuza mara 10, lenzi ya milimita 50 hukaa milimita 55 kutoka kwenye negativu, na mwanga wa kona huipita kwa pembe ya nyuzi 21 hivi. Ile ya 80 hukaa milimita 88, na pembe hushuka hadi nyuzi 14. Kwa sababu ya pembe hizo, kona hupoteza karibu asilimia 25 ya mwanga kwa lenzi ya 50, na asilimia 11 tu kwa ile ya 80. Tena lenzi ya 80 imetengenezwa kufunika negativu ya sentimita 6 kwa 6, kwa hiyo negativu yako ndogo inatumia sehemu ya katikati tu, iliyo bora.

Gharama yake ni urefu. Kutoka negativu hadi karatasi, lenzi ya 50 inahitaji sentimita 60 na nusu kwa ukuzaji huo, na ya 80 inahitaji karibu sentimita 97. Mashine nyingi ndogo hazina nguzo ndefu kiasi hicho. Kumbuka pia kwamba mashine yenye lenzi kubwa za kukusanya mwanga juu ya negativu inaweza kutaka zipangwe upya, la sivyo mwanga hautasambaa sawasawa.

Kuhusu ule upotevu wa asilimia 25, usiuogope sana. Lenzi ya kamera nayo hupunguza mwanga kwenye kona, na negativu ikawa nyepesi hapo, jambo ambalo lingezifanya kona za picha kuwa nyeusi zaidi. Mashine ya kukuzia huzififisha kwa kupunguza mwanga, na makosa hayo mawili hupunguzana. Usijaribu kinyume chake, yaani lenzi ya 50 kwa negativu ya 6 kwa 6, kwa sababu kona zitakuwa hafifu na laini, na hakuna tundu litakaloziokoa.

Swali: Pete ya lenzi yangu ina namba 1, 2, 4, 8 na 16 badala ya f. Nyingine ina 4.5, 6.3, 9 na 12.5. Nizisomeje?

Jibu: Zile za kwanza ni vizidishi vya muda. Namba 1 ni tundu lililo wazi kabisa, na namba 4 maana yake ni kwamba karatasi inahitaji muda mara 4 zaidi, yaani umefunga hatua mbili. Za pili ni mfululizo wa zamani uliotumika Ulaya, ambapo kila hatua bado ni nusu ya mwanga wa iliyotangulia. Ukilinganisha lenzi mbili zenye mifululizo tofauti, usitafute namba zinazofanana. Pima muda unaotoa kijivu kimoja kwenye karatasi, ndipo utajua kwamba matundu yanalingana.

Kwa lenzi za baadaye ambazo namba zake huwashwa na mwanga wa mashine yenyewe, kama El-Nikkor za mwisho, hakikisha dirisha hilo dogo halivujishi mwanga juu ya karatasi. Kipande cha utepe mweusi kinatosha.

Swali: Nachapa nyeusi na nyeupe tu. Je, kuna faida ya kutafuta Apo-Rodagon?

Jibu: Ipo, ila ni ndogo kuliko inavyosemwa. Karatasi za kontrasti zinazobadilika, ambazo Ilford walizileta mwaka 1940 kwa jina la Multigrade, huitikia mwanga wa bluu na wa kijani. Lenzi isiyokusanya rangi hizo mahali pamoja huchora picha mbili zisizolingana kabisa, na jicho lako, ambalo wakati wa kuweka fokasi linategemea zaidi kijani na njano, haliioni ile ya bluu. Apo hupunguza kosa hilo hata tundu likiwa wazi. Hata hivyo, Rodagon ya kawaida iliyo safi, kwa f/5.6 au f/8, tayari imelipunguza kiasi kwamba kwa picha ya upana wa sentimita 30 utahitaji kioo cha kukuzia ili ubishane. Anayechapa picha za rangi kubwa, za sentimita 50 na kuendelea, ndiye atakayeiona Apo ikifanya kazi yake pembeni, pale ambapo lenzi nyingine huacha ukingo mwembamba wa rangi kwenye matawi ya mti dhidi ya anga. Wewe ungeanza na kishikio cha negativu chenye vioo, ikiwa bado huna.